Anza Mgongoni: Utangulizi wa Elimu ya Visu vya Mfukoni

Mpe mtu kisu cha kukunja akitazame, na jicho lake litakwenda moja kwa moja kwenye makali. Atajaribu ncha kwa kidole, atageuzageuza bapa kwenye mwanga, kisha atauliza kama kinakata. Swali lake ni la haki, maana kisu kisichokata ni mzigo tu. Hata hivyo, kila anayeingia katika elimu hii namwomba afanye jambo moja kabla ya hayo yote: akigeuze kisu na kupitisha ukucha wake mgongoni, taratibu, toka kichwani mwa mpini hadi mkiani. Mgongo wa kisu cha mfukoni una habari nyingi kuliko makali yake. Hapo utajua kama aliyekiunda alikuwa fundi au mtu mwenye haraka. Utajua mkono wa mwenye kisu unadaiwa adabu gani. Katika nchi kadhaa utajua hata kama polisi akikukuta nacho ana la kukuuliza au hana.

Elimu ya visu vya mfukoni haina kitivo chake chuoni. Imetunzwa na wanaakiolojia, wanahistoria wa viwanda, wanasheria, wakusanyaji, na zaidi mafundi wenyewe, ambao wengi wao hawakuandika neno. Nimeandika kurasa hizi kwa ajili ya msomaji ambaye hajawahi kumiliki kisu cha namna hii, na pia kwa yule ambaye ana kimoja cha babu yake kabatini na hajui aanzie wapi kukielewa. Ninaposema kisu cha jadi cha mfukoni nakusudia kisu ambacho bapa lake hujikunja na kuingia ndani ya mpini, likashikiliwa na nguvu ya kamani iliyolazwa mgongoni, au na mkazo wa bawaba peke yake. Mpini wake ni mfupa, pembe au mti. Kinafunguliwa kwa mikono miwili, bila pupa, na kikikunjwa kinaenea kwenye kiganja.

Kisu cha kukunja kilitangulia kamani kwa takriban miaka elfu mbili. Cha kale kabisa kinachotajwa mara nyingi kilipatikana Hallstatt, kwenye migodi ya chumvi ya Austria. Mpini wake ni wa mfupa, na umri wake unakadiriwa kuwa wa miaka 600 hadi 500 kabla ya Kristo. Warumi nao walivitengeneza kwa wingi. Katika Jumba la Makumbusho la Fitzwilliam, Cambridge, kuna chombo chao cha karne ya 3 baada ya Kristo, mwili wake wa fedha, ambacho kimekunja pamoja kijiko, uma, mwiba na kisu. Mtu aliyekula safarini na kutaka vyombo vyake vyote vikae mahali pamoja alikuwapo basi muda mrefu kabla ya viwanda. Lakini visu hivyo vyote vilishikiliwa na bawaba iliyokazwa. Bawaba ikilegea, bapa linacheza. Ikikazwa mno, kisu hakifunguki.

Usidhani visu hivyo vimekwisha. Mwaka 1890 Joseph Opinel, kijana wa ukoo wa wahunzi huko Savoie, kwenye milima ya Ufaransa, aliunda kisu cha namna hiyo hiyo chenye mpini wa mti, na kufikia 1897 kilikuwa kikitengenezwa kwa saizi 12, kuanzia namba 1 hadi namba 12. Namba 8, yenye bapa la sentimita 8.5, ndiyo watu wengi wanayoijua. Mwaka 1955 Marcel Opinel aliongeza pete ya chuma inayozungushwa shingoni mwa mpini ili bapa lisijikunje lenyewe kazini. Mpini wa mti una tabia yake: ukilowa unavimba, na bapa linang'ang'ania ndani. Wakulima wa Savoie wana dawa ya hilo. Hukishika kisu, hugonga kisigino cha mpini juu ya meza, na bapa huchomoza kidogo, kiasi cha kushikika kwa vidole. Ukiona mtu anafanya hivyo bila kufikiri, ujue kisu chake ni cha kila siku.

Japani wana ndugu yake, higonokami ya mji wa Miki, mkoa wa Hyogo, iliyoanza miaka ya 1890. Mpini wake ni bati moja lililokunjwa, na mkiani mwa bapa pana ulimi mdogo unaobanwa kwa dole gumba ili kisu kibaki wazi. Kwa vizazi kadhaa watoto wa shule walichongea penseli kwa kisu hicho. Mwaka 1960 mwanasiasa Inejiro Asanuma aliuawa kwa upanga mfupi mbele ya hadhara, kampeni ya kuwaondolea watoto visu ikashika nguvu, na soko likaporomoka. Kisu hakikuhusika na mauaji hayo, lakini ndicho kilicholipa.

Sasa turudi mgongoni. Katika karne ya 17 kamani ilianza kuenea katika visu vya Ulaya, na kuanzia hapo kisu cha mfukoni kikawa mashine ndogo. Kitazame kwa karibu. Ndani ya mpini, upande wa mgongo, kumelazwa kipande kirefu cha chuma. Kimepigiliwa pini mbili, moja mkiani na nyingine karibu na katikati. Kichwa chake kimeachwa huru kiinuke na kushuka. Bapa nalo lina shina lililochongwa karibu na mraba, limetobolewa na kupitishwa pini ya bawaba. Ukilivuta bapa kwa ukucha, pembe ya shina inaisukuma kamani juu, kiasi cha milimita moja hivi. Kamani inakataa. Unaendelea kuvuta, pembe inapita, upande ulionyooka wa shina unafika chini ya kichwa cha kamani, na kamani inashuka na kuukalia kwa nguvu. Ule mlio mkavu unaousikia ni chuma kukutana na chuma. Katika visu vingine shina limechongwa ili bapa lisimame pia katikati ya safari, likiwa wima, kukupa nafasi ya kuondoa vidole.

Wapenzi wa visu hivi huzungumzia mwendo na mlio wa kisu, na ni kweli kwamba utamu mwingi wa kuwa nacho uko hapo. Mlio mzuri hauji kwa bahati. Fundi amesugua shina na kichwa cha kamani mpaka vikalingana, akaukunja mgongo wa kamani kwa nyundo kiasi kidogo ili uwe na mkazo, akafunga, akafungua, akasugua tena. Ndiyo maana nakwambia upitishe ukucha. Bapa likiwa wazi, kamani inatakiwa ilingane kabisa na kingo za mpini. Likiwa limefungwa, vivyo hivyo. Na ukucha usikwame popote. Ukikwama, fundi aliridhika mapema.

Kuna jambo jingine hapa ambalo kwangu ndilo moyo wa elimu yote. Bapa na kamani vinaweza kutoka katika chuma kimoja. Bapa lataka ugumu ili makali yakae. Kamani yataka unyumbufu ili ipinde na kurudi maisha yote bila kukatika. Tofauti iko kwenye moto. Vyote viwili huchomwa mpaka vikawa vyekundu, vikazamishwa ghafla kwenye mafuta au maji, vikawa vigumu na vyepesi kuvunjika. Kisha hurudishwa kwenye moto mdogo, na hapo fundi wa zamani alitazama rangi inavyotambaa juu ya chuma kilichong'arishwa. Rangi ya majani makavu, karibu nyuzi 220 za Selsiasi, ikatosha kwa bapa. Kamani ikaachwa iendelee mpaka samawati, karibu nyuzi 300. Wahunzi wetu wa jua kali wanalijua hili kutoka upande wa pili: kamani chakavu ya gari hufuliwa ikawa panga au kisu cha kuchinjia, na chuma hicho hakilalamiki, kwa kuwa tangu mwanzo kilikuwa na uwezo wa kuwa vyote viwili.

Si ajabu, basi, kwamba chuma bora cha visu vya Uingereza kilitafutwa na fundi saa. Benjamin Huntsman, wa Doncaster, alichoshwa na chuma kisicho sawasawa kilichoharibu kamani za saa zake. Katika miaka ya 1740, karibu na Sheffield, alifaulu kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo mpaka kikawa na asili moja mwili mzima. Inasimuliwa kwamba watengeneza visu wa Sheffield walikikataa mwanzoni kwa sababu ya ugumu wake, akawauzia Wafaransa, na ni visu vya Ufaransa vilivyoingia sokoni ndivyo vilivyowafungua macho wenzake. Karne moja na nusu baadaye, huko Ibach, Uswisi, Karl Elsener alikutana na swali lile lile la kamani kwa sura nyingine. Alikuwa ameanza kuwapa wanajeshi wa Uswisi kisu mwaka 1891. Kilikuwa kizito. Kisu cha maofisa alichokisajili tarehe 12 Juni 1897 kilifanya kamani ibebe zana pande zote mbili za mpini, na kwa kamani mbili tu akapata zana sita. Watu huvisifu visu vya Victorinox, kiwanda chake, kwa wingi wa zana zake; mimi navisifu kwa uchache wa kamani.

Kutoka mgongoni twende ubavuni, kwenye mpini, ambapo habari inakuwa nzito na inatufikia nyumbani.

Katika karne ya 19 mpini wa heshima ulikuwa wa pembe ya ndovu. Sheffield ilizitumia kwa wingi usio kifani, kwa visu vya mezani na vya mfukoni, na kampuni ya Joseph Rodgers & Sons ilikuwa na ghala la pembe ambalo wageni walitembezwa kulitazama. Sehemu ya pembe zilizoingia Ulaya na Marekani wakati ule ilipita Zanzibar. Zilitoka Manyema na Unyamwezi, zikapita Ujiji na Tabora, zikabebwa mabegani mwa watu hadi Bagamoyo, zikavuka kwa jahazi. Biashara hiyo haikutengana na biashara ya utumwa. Misafara, silaha na mikopo ilikuwa ile ile. Msomaji wa Kiswahili ana bahati ambayo mwanafunzi wa Sheffield hana: Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na kitabu hicho bado kinasomeka. Ukikisoma huku umeshika kisu cha zamani chenye mpini mweupe uliogeuka rangi ya siagi, utaona kwamba historia ya Sheffield haiwezi kuandikwa vizuri bila Tabora. Nasisitiza hili kwa sababu vitabu vingi vya wakusanyaji hutaja pembe kama malighafi tu, halafu hupita.

Leo biashara ya kimataifa ya pembe imefungwa kwa uamuzi wa nchi wanachama wa mkataba wa CITES wa mwaka 1989, mwaka ule ule ambao Rais Moi alizitia moto tani 12 za pembe katika Mbuga ya Nairobi. Mkusanyaji mwadilifu haguswi na uzuri wa mpini wa pembe kiasi cha kufungua soko upya. Wala hana haja. Mfupa wa muundi wa ng'ombe, ukichongwa mikwaruzo na kutiwa rangi, huupita kwa kushikika vizuri; W. R. Case & Sons wa Bradford, Pennsylvania, hutumia ule wa ng'ombe wa nundu. Na mpingo wetu wa Kilwa na Lindi, ambao dunia huujua zaidi kwa zumari na filimbi zake, ni mti mzuri wa mpini: mzito, haunywi maji kirahisi, na kadiri unavyoshikwa ndivyo unavyong'aa.

Kuhusu watu waliotengeneza visu hivi lazima niseme maneno machache, ingawa yanastahili kitabu. Sheffield ilikuwa na chama chake cha mafundi visu kwa sheria ya Bunge tangu 1624, lakini kazi kubwa ilifanywa na mafundi wadogo waliokodi chumba, gurudumu na nafasi ya benchi. Mmoja alifua, mwingine akasaga, wa tatu akaunganisha. Wasichana walisugua na kung'arisha. Wasagaji waliinamia mawe ya mchanga yanayozunguka, wakavuta vumbi, na mapafu yakafa kabla ya mtu. Friedrich Engels, katika kitabu chake cha 1845 kuhusu hali ya wafanyakazi wa Uingereza, alinukuu daktari aliyeeleza kwamba waliosaga kikavu kwa wastani walifikia kwa shida miaka 35, na waliosaga kwa maji mara chache walipita 45. Makali yale mazuri yaliyosifiwa kwenye maonyesho ya kifalme yalikuwa na gharama hiyo. Stan Shaw, miongoni mwa wa mwisho wa mafundi hao, aliingia kazini akiwa na miaka 14 na akaendelea kuunda visu vya kukunja kwa mikono yake hadi uzeeni; alifariki 2021. Visu vyake vina kamani ambazo ukucha hauwezi kuzipata.

Maumbo ya mabapa nitayapitia upesi, kwa kuwa sura za mbele zinayapanga moja moja. Kila umbo lilianza na kazi ya mtu. Kisu kidogo cha karani kilichonga kalamu za unyoya, kazi ile ile ambayo kwenye pwani yetu waandishi wa misahafu ya Siyu waliifanya kwa kalamu za mwanzi. Barlow, chenye kofia ndefu ya chuma kichwani mwa mpini, kilikuwa kisu cha bei nafuu, na ndicho anachozawadiwa Tom Sawyer katika riwaya ya Mark Twain ya 1876. Kisu cha wafugaji wa Marekani kina mabapa matatu: moja la ncha kali kwa kazi zote, moja la makali yaliyonyooka kwa kukata juu ya ubao, na moja la ncha butu la kuhasia ndama, lililofanywa butu kusudi lisitoboe pasipotakiwa. Mfugaji wa Monduli au wa Ankole atalielewa bapa hilo la tatu kabla ya profesa.

Inafaa pia ujifunze kusoma shina la bapa, mahali alama ya kiwanda ilipogongwa. Chukua Case yenye namba 6318. Tarakimu ya kwanza, 6, ni mpini wa mfupa. Ya pili, 3, ni idadi ya mabapa. 18 ni umbo. Chini ya jina kuna nukta. Kuanzia 1970 kiwanda kiligonga nukta 10, na kila mwaka kikapunguza moja, hivyo mwenye kisu chenye nukta saba za mtindo huo anashika kisu cha 1973. Ujerumani, jina la mji wa Solingen lililogongwa kwenye chuma linalindwa kwa sheria tangu 1938. Ufaransa, kisu cha Laguiole kina nyuki juu ya kamani, lakini jina hilo kwa muda mrefu halikulindwa hivyo, na nyuki wapo kwenye visu vya kila ubora. Tena ni kamani ndiyo itakayokwambia ukweli; nyuki hatakwambia.

Kwetu Afrika Mashariki kisu cha kukunja hakikuzaliwa hapa. Pwani na bara zilikuwa na vya kwao: jambia lililofungwa kiunoni, sime ndani ya ala nyekundu, kotama ya mgema. Vyote hivyo huvaliwa, vikaonekana. Kisu kinachofichwa mfukoni kilikuja na suruali na meli. Kilichosafiri zaidi katika bara letu ni Okapi, kilichoanza kutengenezwa Solingen mwaka 1902 kwa soko la makoloni ya Ujerumani barani Afrika, ambamo Tanganyika, Ruanda na Urundi zilikuwamo. Mwaka mmoja tu kabla, 1901, wanasayansi wa London walikuwa wamempa jina rasmi okapi, mnyama wa msitu wa Ituri, Kongo, ambaye Wambuti walimjua siku zote. Wauzaji wa Solingen walijua kuwahi habari. Kisu chenyewe kina mpini wa mti wenye mwezi na nyota za madini, na pete mgongoni ya kuachia kitasa chake. Tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Ni kisu cha bei ndogo, na ndiyo sababu ya kukiheshimu: kimefanya kazi mikononi mwa watu wengi kuliko Sheffield yote ya kwenye makabati ya vioo.

Kitasa hicho kinatuleta kwenye sheria. Uingereza, sheria ya 1988 inamruhusu mtu mzima kubeba hadharani, bila kutakiwa kutoa sababu, kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mahakama ilifafanua kwamba bapa likijifunga kwa kitasa, kisu hicho hakihesabiwi tena kuwa cha kukunja. Ujerumani tangu 2008 imekataza kubeba visu vinavyofunguliwa kwa mkono mmoja na kujifunga. Kwa ndugu zetu walioko Leicester au Hamburg, tofauti kati ya kamani na kitasa inaweza kuwa tofauti kati ya kurudi nyumbani na kulala kituoni. Popote ulipo, uliza sheria ya hapo kabla ya kutia kisu mfukoni. Na mahakamani, uwanja wa mpira na kwenye mkoba wa kuingia nao ndani ya ndege, kiache nyumbani au kipeleke kwenye mizigo ya chini.

Kukosa kitasa ndiko kunakomfundisha mwenye kisu. Kamani inalizuia bapa kwa mkazo tu. Ukisukuma ncha kwa nguvu, au ukigonga mgongo wa bapa, litajikunja juu ya vidole vyako. Kwa hiyo unajifunza kuvuta badala ya kusukuma, kukata badala ya kudunga. Unajifunza pia kufunga bapa kwa kuliongoza hadi mwisho, kwani ukiliachia lirukie ndani makali yanaweza kugonga kamani na kupata pengo. Watu wa Laguiole wanamtambua mgeni kwa kosa hilo mezani.

Jaribu haya kwa chungwa la Muheza. Anza juu, weka bapa karibu lilale, dole gumba likitangulia kwenye ganda, na uzungushe chungwa huku kisu kikitulia. Ganda la nje litoke kwa utepe mmoja mwembamba, ngozi nyeupe ibaki imefunika tunda kama wanavyofanya wauzaji wa barabarani, kisha ukate kofia na kulinywa. Kama bapa ni la chuma cha kaboni, pangusa na utazame: asidi imeacha kivuli cha kijivu chenye samawati ndani yake. Maembe, ndimu na vitunguu vitaongeza vingine. Baada ya miezi bapa linakuwa na rangi yake ambayo hakuna kisu kingine kilicho nayo, na rangi hiyo hulikinga kiasi dhidi ya kutu nyekundu. Harry Brearley wa Sheffield alipopata chuma kisichoshika kutu mwaka 1913 alituondolea kazi kubwa, na sina ugomvi na chuma chake, hasa Mombasa na Tanga ambako hewa yenyewe ina chumvi. Lakini anayetaka kuona maisha yake yakiandikwa kwenye chuma, achukue cha kaboni na kitambaa kikavu.

Matunzo ni mepesi. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bawaba, fungua na ufunge mpaka yaingie, futa yaliyozidi. Vumbi la mfukoni hukusanyika ndani ya mpini. Litoe kwa njiti. Kinolewacho hupata, ila noa mwenyewe kwenye kinoo cha maji, bapa likiinama nyuzi 15 hadi 20, pasi polepole, pande zote mbili sawa. Mnoa visu wa mtaani mwenye gurudumu la baiskeli anajua kazi yake kwa panga na kisu cha jikoni. Bapa jembamba la mfukoni likipata joto la gurudumu lake linapoteza ule ugumu wa rangi ya majani makavu, na haurudi.

Kwa kisu chako cha kwanza, tafuta kile chenye bapa moja au mawili, urefu wa bapa usiopita sentimita 7, mpini wa mfupa au mti. Fungua na ufunge ukiwa dukani. Sikiliza mlio. Lishike bapa likiwa wazi na ulitikise kushoto na kulia, lisicheze. Kifunge, kinyanyue kwenye mwanga, utazame kama ncha imezama ndani kabisa isije ikachana mfuko. Pitisha ukucha mgongoni. Ukipewa na mtu kama zawadi, mila ya Ulaya inataka umrudishie sarafu moja ili urafiki usikatike. Mpe, haigharimu kitu. Kisha kibebe kila siku, kifungulie bahasha, kikatie kamba, kimenyee chungwa, na kisu cha pili usikinunue mpaka hiki umekinoa mwenyewe kikarudi kukata vizuri kuliko kilipotoka dukani.